Msisimame kwa Mwalimu Wakhungu

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa, popote mlipo asubuhi hii: Kondele, Dunga, Bondo, Usenge, Luanda Kotieno, na wewe uliye jikoni na redio umeiweka juu ya friji. Hiki ni Kiti Kitupu, kipindi cha kumkumbuka mtu aliyeacha nafasi yake wazi. Mimi ni Dolphine Naswa. Kiti cha leo ni cha Mwalimu Dalmas Wakhungu. Alifariki Jumanne hapa Kisumu, akiwa na miaka hamsini na tisa. Anazikwa kesho, nyumbani kwao Chwele.

Sitawaficha. Kipindi cha leo kimeninyima raha tangu Jumatano. Chama cha wanafunzi wa zamani wa Chuo cha Ualimu cha Ragumo kilituletea ukurasa mmoja, umepigwa chapa vizuri, na picha juu. Unasema Mwalimu Wakhungu alikuwa mwanariadha, akawa mfanyabiashara, akawa mtumishi wa watu. Yote ni kweli. Lakini kabla hajafa, Mwalimu mwenyewe alirekodi maneno kwenye simu ya binti yake, Lornah. Alisema siku tukimsifu redioni, tutaje jambo moja ambalo halimo kwenye ukurasa huo. Akasema pia lisitajwe mpaka mtu mmoja akubali. Mtu huyo ni Mama Seline, mjane wa Ochieng Griffins wa Usenge.

Mama Seline amekuja. Amekaa hapa mbele yangu, mkoba mapajani, hajagusa chai. Nilipomuuliza kama nisimulie, alinijibu hivi: "Simulia. Mimi nasikiza. Ukidanganya mahali nitakushika." Kama mwishoni atasema lolote, hajaniambia. Basi mjue tangu sasa, wasikilizaji wapendwa, kwamba leo tunazungumza juu ya majina ya wanaume wawili, wote marehemu. Moja limesifiwa sana. La pili limechekwa miaka kumi na minne. Na mwenye haki ya kusema tufanye nini nayo ni huyu mama asiyekunywa chai yangu.

Dalmas Wakhungu alizaliwa Chwele, akaletwa Kisumu akiwa na miaka sita, baba yake alipopata kazi ya reli. Akakulia Nyalenda. Nyumbani walizungumza Kibukusu. Barabarani alizungumza Kiswahili. Kidholuo chake kilikuwa cha kununulia samaki na kugombania mpira, na hata alipokuja kukizungumza vizuri ukubwani, hakikuwa lugha yake ya haraka. Akishtuka, alishtuka kwa Kiswahili. Liweke hilo kando, msikilizaji, tutalihitaji.

Mwaka wa 1987 akaingia Ragumo kusomea ualimu. Alikuwa mrefu, miguu myembamba, na wenzake walisema anakimbia kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni. Huko ndiko alikokutana na Ochieng Griffins, kijana wa Usenge kando ya ziwa, mfupi, mcheshi, mwenye kifua kipana. Wakawekwa timu moja ya mbio za kupokezana kijiti, watu wanne, kila mmoja mita mia. Wakhungu alikuwa mkimbiaji wa tatu. Ochieng alikuwa wa mwisho. Nasema tena: Wakhungu wa tatu, Ochieng wa mwisho. Kijiti kilitoka kwa Wakhungu kikaenda kwa Ochieng.

Sasa, kwa wale ambao hamjawahi kukimbia mbio hizo, na mimi ni mmoja wenu, mniruhusu niwaeleze. Anayepokea kijiti haangalii nyuma. Anaanza kukimbia akitazama mbele, na anangoja sauti. Akisikia neno waliloagana, anarusha mkono nyuma, na kijiti kinatua kiganjani. Akigeuka kutazama, mbio zimekwisha. Neno lao lilikuwa "shika". Walilifanyia mazoezi kila jioni nyuma ya jiko la chuo mpaka likamwingia Ochieng mwilini. Wakhungu alikuwa akipita nyuma yake kwenye foleni ya chakula, anasema "shika" kwa sauti ndogo, na mkono wa Ochieng unaruka nyuma wenyewe, maharagwe chini. Chuo kizima kilicheka. Ochieng mwenyewe alicheka kuliko wote, kisha akaomba maharagwe mengine akanyimwa.

Mwaka wa 1988 walishinda mashindano ya mkoa. Kuna picha ya siku hiyo, Lornah amenionyesha. Ochieng amebakiza hatua chache afike kwenye utepe. Huku nyuma, kwenye kona, Wakhungu ameshainua mikono juu, anashangilia kabla mwenzake hajafika. Hivyo ndivyo alivyomwamini.

Wakafundisha wote wawili, Wakhungu Bondo, Ochieng kwao Usenge. Wakhungu alipokuwa akimtembelea rafiki yake, aliona samaki wakitupwa kwenye mchanga kwa sababu jua limewahi kabla ya mnunuzi. Akaanza kubeba mabonge ya barafu kutoka Kisumu kwenye pikapu, amefunika kwa magunia na vumbi la mbao. Nusu iliyeyuka njiani, pale Ng'iya. Akaendelea tu. Baadaye akaacha kufundisha, akajenga kiwanda kidogo cha barafu Bondo, na barafu yake ikajulikana kutoka Usenge mpaka Luanda Kotieno kwa jina la Barafu ya Mwalimu. Ochieng akawa mtu wake wa upande wa ziwa. Sauti moja ilipanga, mguu mwingine ukakimbia, sawa na zamani.

Tufike sasa mahali ambapo ukurasa wa chuo hauendi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka wa 2011, saa tisa mchana. Boti iliondoka Usenge kwenda kisiwa cha Mageta. Watu wanane, masanduku ya barafu, na magunia matupu ya omena, wale dagaa wa ziwani. Mzee Odero aliendesha, amekaa nyuma kwenye injini. Wakhungu alikaa kando yake. Ochieng alikaa mbele kabisa, amewapa mgongo. Katikati walikaa akina mama wafanyabiashara wa omena, na mmoja wao alikuwa Mama Benta, ambaye yuko hai na amenithibitishia kila kitu.

Walipofika kati, upepo ukageuka. Maji yakaanza kupiga ubavuni. Mzee Odero akapunguza injini, na wale akina mama wakanyamaza, na Wakhungu anasema kwenye ile rekodi kwamba kunyamaza kwao ndiko kulikomwogopesha. Akatazama kushoto. Akaona wimbi limebeba rundo zima la magugu maji, zito, linawajia ubavuni. Wakhungu akashtuka. Na nimewaambia, akishtuka, alishtuka kwa Kiswahili. Akapiga kelele: "Chunga!"

Upepo ukala mwisho wa neno. Kule mbele halikufika "chunga". Lilifika "chung'".

Wasikilizaji wapendwa mnaozungumza Kidholuo, najua mmeshanyamaza huko mliko. Wengine niwaambie. Kwa Kiswahili, chunga ni kuwa mwangalifu. Kwa Kidholuo, chung' ni simama.

Ochieng Griffins alisikia ile sauti nyuma yake. Sauti ileile. Hakugeuka kutazama. Alisimama mara moja, wima, mikono kando. Mama Benta, aliyesikia vilevile, akamwona amesimama, na yeye akaanza kuinuka, ameshika bega la mwenzake. Wimbi likafika. Boti ikalala upande, ikapinduka.

Wavuvi waliokuwa karibu waliwaokoa watu saba. Saba kati ya wanane. Ochieng alipatikana Jumatatu.

Jioni ile ya Jumamosi, bichi ya Usenge, Mama Benta amefunikwa leso mbili anatetemeka, akauliza, "Ni nani alisema tusimame?" Mzee Odero akajibu kwamba hakuna aliyesema hivyo. Wakhungu alikuwa amekaa hatua tatu kutoka hapo. Alielewa papo hapo. Nawasomea maneno yake kama yalivyo kwenye simu ya Lornah: "Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikasema nitasema kesho. Kesho ikawa matanga. Baada ya mazishi, kila siku iliyopita ilifanya iwe ngumu zaidi."

Na Usenge ilihitaji maelezo. Mtoto wa ziwa, aliyezaliwa na kulelewa majini, anasimamaje kwenye boti wakati wa mawimbi? Lazima alikuwa amelewa, watu wakasema. Ochieng hakunywa pombe siku moja maishani mwake, lakini uvumi hauulizi. Ikawa msemo wa bichi. Mtu akiinuka kidogo kwenye boti, anaambiwa, "Wewe, usisimame kama Ochieng." Watoto wakamfuata binti yake, Winny, na maneno hayo mpaka mlango wa darasa. Winny alikuwa na miaka minane.

Mama Seline ameinamisha kichwa hapa. Nimemuuliza kwa macho kama niache. Amepunga mkono niendelee.

Mwaka wa 2013 Mwalimu Wakhungu alianzisha kikosi cha uokoaji. Hii imo kwenye ukurasa wa chuo, na inastahili. Alinunua jaketi za kuelea, akazigawa bure kwenye bichi tano. Alileta walimu wa kuogelea kwa ajili ya watoto wa shule. Kila Desemba aliandaa mbio za shule za Bondo, na alisimama kwenye kona akipigia kelele kila mtoto, hata wa mwisho. Kikosi chake kimetoa majini watu arobaini na mmoja wakiwa hai. Arobaini na mmoja. Kama wewe ni mmoja wao na unanisikia, unajua ninalosema.

Kikosi kilikuwa na sheria moja ambayo kila mtu alidhani ni kichaa cha mwalimu. Kwenye boti zake neno "chunga" lilikatazwa. Ukilitamka, unashushwa, hata kama wewe ni mheshimiwa. Neno la hatari lilikuwa moja, la Kidholuo: "Bed piny." Kaa chini. Kwa watu wengi, "Bed uru piny." Alifundisha wavuvi, akina mama, wageni, mapadri. Hakueleza sababu. Alipoulizwa alisema tu, "Neno likiwa moja, watu hawapotei."

Lakini wale wakufunzi wake, walipokuwa wakifundisha, walitumia mfano waliouzoea. Walisema, usisimame kama Ochieng. Mwalimu alisikia. Mwaka baada ya mwaka alisikia, akatazama maji. Mimi hilo limenikera, wasikilizaji wapendwa, siwezi kuwadanganya. Mtu mwenye mkono mwema hivyo, na mdomo mzito hivyo.

Desemba iliyopita, Luanda Kotieno, vijana wapya walikuja kujiunga na kikosi. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili. Mkufunzi akawavisha jaketi, akawapanga, akaanza somo, akafika kwenye mfano wake na kucheka. Yule msichana akafungua jaketi. Akaikunja vizuri. Akaiweka kwenye mchanga, akaondoka. Mwalimu Wakhungu alikuwa kwenye kiti chini ya turubai. Akauliza ni nani yule. Akaambiwa, huyo ni Winny, wa marehemu Ochieng Griffins.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Lornah alimwendesha baba yake mpaka Usenge. Alikuwa ameshaanza kuugua moyo, anapumua kwa kazi. Walimkuta Mama Seline akianika omena kwenye nyavu nje ya nyumba. Mlangoni, kwenye kigoda, alikaa mama mzazi wa Ochieng, Mama Agneta, mwenye miaka themanini na minane. Mama Agneta haoni vizuri, na Kiswahili hakijui.

Mwalimu alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama kwenye jua. Alisema upepo, magugu, neno. Mama Seline hakuacha kuanika. Mwalimu alipomaliza, Mama Seline akauliza, "Wewe ulisema neno gani?"

"Chunga, Mama."

"Hapana. Hiyo umesema polepole kama ya kanisani. Sema vile ulisema siku hiyo."

"Mama Seline, tafadhali."

"Mwalimu, miaka kumi na minne watoto wangu wanaitwa wa mlevi. Mimi nataka kusikia. Sema vile ulisema."

Lornah anasema alitaka kumzuia, kwa sababu ya moyo wake. Hakuwahi. Baba yake alivuta pumzi, akageuza uso upande wa ziwa, akapiga lile neno kwa sauti yake yote ya uwanjani.

Na pale mlangoni, Mama Agneta akashika fimbo yake. Akasimama.

Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyepanga. Bibi wa miaka themanini na minane aliinuka kutoka kwenye kigoda, akauliza kwa Kidholuo ni nani anayemtaka asimame, na ni kwa nini.

Sahani ya omena ilimtoka Mama Seline mkononi. Alienda akamshika mama mkwe wake, akamketisha polepole. Akabaki amechuchumaa pale, mkono kwenye goti la bibi. Kisha akasema bila kugeuka, "Mwalimu, nenda nyumbani."

Akaenda. Hakupewa msamaha, hakulaaniwa. Miezi ikapita bila jibu. Alipolazwa, kila mara mlango wa wodi ulipofunguliwa alinyanyua kichwa. Lornah alijua anamngoja nani.

Wakati wa kurekodi, Lornah alibishana naye. Ameniruhusu niseme.

"Baba, kiwanda kina jina lako. Kikosi kina jina lako. Watu watakuita muuaji."

"Wacha waniite. Ochieng ameitwa mlevi miaka yote hiyo na mimi nikila chakula changu."

"Na wale arobaini na mmoja?"

"Hao hawalipi yule mmoja. Nilidhani wangelipa. Washa hiyo simu."

Alifariki Jumanne, saa nne asubuhi. Mama Seline hakuwa amekuja. Jana mchana alipiga simu hapa redioni, akauliza studio iko orofa ya ngapi.

Basi nimesimulia. Mama, sijadanganya?

"Hujadanganya. Ila sahani haikunitoka. Mimi niliiangusha."

Nasahihisha, wasikilizaji wapendwa. Aliiangusha. Mama Seline, kipaza sauti ni chako. Lornah anasikiliza akiwa Chwele na waombolezaji. Usenge inasikiliza. Sema unalotaka, au usiseme.

"Mimi si mtu wa maneno mengi. Watu wa Usenge, mmesikia. Ochieng hakuwa mlevi. Ochieng hakusimama ovyo. Aliitwa na mtu anamwamini, akaitika. Kama kuna mtu atasema tena ile maneno yenu kwenye bichi, aje anisemee mimi mlangoni kwangu.

"Mwalimu, bado nina hasira na yeye. Sitasema imeisha, kwa sababu haijaisha. Ningekuja hospitali. Nilijiambia nitaenda kesho, na mimi pia kesho ikanishinda. Hiyo ndiyo inaniuma. Lakini alikuja kwangu mwenyewe, na miguu yake. Hakutuma mtu. Na nilipomwambia apige ile kelele, alipiga, na moyo ni mgonjwa. Winny hajakubali kuja kesho. Sikumlazimisha. Mimi nitakuwa Chwele.

"Sasa, Lornah. Nimesoma programu ya mazishi. Imeandikwa hapo watu wote wasimame dakika moja kwa heshima ya Mwalimu. Mimi nakataa."

Mama Seline, unakataa heshima?

"Nakataa kusimama. Ochieng alisimama kwa ajili ya ile sauti. Mama yake pia alisimama. Inatosha. Kesho mtu asisimame kwa Mwalimu Wakhungu. Watu wakae. Waambiwe lile neno lake la boti, ndilo alilifundisha kwa ajili ya bwana yangu hata kama hakusema. Wakae chini, wote, na wanyamaze."

Asante, Mama.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Lornah na familia yote ya Wakhungu kule Chwele, kwa wanafunzi wa zamani wa Ragumo, kwa kikosi, tunawapa pole. Kwa Mama Seline, Mama Agneta na Winny, pole yetu inafika leo ikiwa imechelewa sana, na tunaomba muipokee hivyohivyo. Na wewe unayenisikiliza: kama kuna neno umelifungia mdomoni, na kuna mtu anabeba mzigo kwa sababu ya kimya chako, fikiria nyumba yake iko wapi, na kama leo kuna njia ya kufika.

Lornah ametuma ujumbe sasa hivi. Umeandikwa, "Mama, tutakaa."

Nasi tusingoje kesho. Kama uko dukani, ofisini, kwenye mchanga na omena zako, tafuta pa kukaa. Kwa Mwalimu Dalmas Wakhungu, aliyekimbia wa tatu, na kwa Ochieng Griffins, aliyekimbia wa mwisho bila kugeuka nyuma. Dakika moja.

Bed uru piny.